Ulimi wa kuchomeka: mstari mmoja katika makadirio ya sakafu za kumbi zetu

(Mazungumzo ya ofisi ya miradi na kamati za ujenzi za sharika, mbele ya wageni wetu wafadhili)



Ofisi ya miradi imeombwa ieleze mstari mmoja tu ulioko katika makadirio ya sakafu za kumbi. Mstari wenyewe unasomeka hivi: “Ulimi wa kuchomeka, mita 35, pamoja na gundi.” Kamati moja imeufuta kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, “Hatukuona kazi yake.” Mfadhili mmoja naye ametuuliza kwa barua kama hicho ni kitu cha lazima au ni pambo. Maswali yote mawili ni ya haki. Mtu aliyepewa dhamana ya fedha ya usharika ana wajibu wa kuuliza kila mstari asioufahamu, hata kama fundi atakunja uso.

Tumeleta vipande viwili vya msaji, ule mti ambao wengine wanauita mtiki. Tunaomba vizungushwe mkono kwa mkono wakati tunazungumza. Kila kimoja kina unene wa milimita 19. Pitisheni kidole ubavuni. Upande mmoja mtakuta ukingo mwembamba uliotokeza, unaokwenda urefu wote wa ubao. Huo ndio ulimi. Upande wa pili mtakuta mfereji. Ulimi wa ubao mmoja unaingia katika mfereji wa mwenzake, na mbao mbili zinakuwa na uso mmoja. Mafundi wetu wengi wanazifahamu mbao za namna hii kutokana na dari, ambako zimetumika kwa miaka mingi. Sakafuni kazi inafanana, ila mzigo ni mwingine kabisa: darini hakuna kwaya inayocheza, wala meza za harusi zinazoburutwa, wala watoto wa chekechea.

Msumari wa sakafu hii haupigwi usoni. Fundi anauweka kwenye kona ya juu ya ulimi, pale ulimi unapoanzia, anauinamisha kwa nyuzi 45 hivi, na kuuzamisha mpaka kichwa kipotee ndani ya mbao. Ubao unaofuata unakuja na mfereji wake na kukifunika. Mkisimama juu ya sakafu iliyokamilika hamtaona msumari hata mmoja, isipokuwa katika safu chache za mwisho kando ya ukuta, ambako nyundo haina nafasi ya kuinama. Hizo nazo zinafichwa kwa ubao wa pembeni. Kwa mbao ngumu kama msaji au mkongo, anayetumia nyundo ya mkono hutoboa kwanza tundu dogo, vinginevyo ulimi unapasuka. Misumari ya milimita 50 inatosha kwa unene huu. Hufuatana kwa sentimita 20 hadi 25 pale ambapo chini pana plaiwudi; penye boriti tupu, msumari unafuata kila boriti.

Sasa angalieni linalotokana na utaratibu huo. Sakafu ya ulimi na mfereji ina mbele na nyuma. Mbele ni upande wa ulimi, na huko ndiko fundi anakoelekea, safu baada ya safu, akiacha misumari iliyofichika nyuma yake. Akigeuka akataka kwenda upande wa pili, anakuta mfereji mtupu. Hakuna pa kupigia msumari uliofichika. Hata akileta ubao mwingine akaugeuza, mfereji utakutana na mfereji, na kati yao hakutakuwa na kitu cha kuzishika mbao mbili zisipishane mtu anapokanyaga.

Hapo ndipo unapoingia ulimi wa kuchomeka. Ni ufito mwembamba wa mbao unaopakwa gundi na kusukumwa ndani ya mfereji, nusu ya upana wake ikabaki nje. Mfereji umepata ulimi, na nyuma imekuwa mbele. Kuanzia hapo fundi anaendelea upande wa pili kama alivyoendelea upande wa kwanza. Mafundi wa Marekani, nchi yenye sakafu nyingi za namna hii, huuita splaini, na wapo mafundi wetu wanaolitumia jina hilo. Sisi tumechagua jina linaloeleza kazi.

Swali linalofuata mmeshaliuliza wengi wenu: kwa nini ageuke? Kwa nini asianze ukuta wa kushoto akamalizie ukuta wa kulia, jambo likaisha?

Katika chumba kidogo cha mraba afanye hivyo hivyo, na hapo mstari wa ulimi wa kuchomeka ukionekana kwenye makadirio, ufuteni. Chumba cha ofisi ya mchungaji chenye upana wa mita 3 hakiuhitaji. Kumbi zetu ziko tofauti kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni upana. Mbao haifi baada ya kukatwa. Masika inavuta unyevu na kutanuka, kiangazi inautoa na kusinyaa. Kwa urefu wake haibadiliki kiasi cha kujali. Mabadiliko yako kwenye upana. Katika vitabu vya maabara ya mazao ya misitu ya Serikali ya Marekani kuna kipimo kwa kila aina ya mbao. Kwa msaji uliopasuliwa kwa njia ya kawaida, kila unyevu wa mbao unapopanda kwa asilimia 1, upana huongezeka kwa sehemu 0.00186. Namba hiyo ni ndogo hata inachekesha, lakini tuipeleke ukumbini. Ukumbi wenye upana wa mita 9 ni milimita 9,000. Unyevu ukipanda kwa asilimia 2 tu, zidisheni: mnapata milimita 33. Kwa mwaloni mwekundu wa Marekani, ambao kipimo chake ni 0.00369, zingekuwa milimita 66. Ndiyo sababu tunasema tuna bahati na miti yetu. Msaji hutanuka karibu nusu ya mwaloni, na mninga nao unasifika kwa kutulia.

Hiyo ni hesabu tupu, tukubaliane. Misumari inazuia, vanishi inachelewesha unyevu, na vijinafasi kati ya mbao vinameza sehemu yake. Hata hivyo hesabu inatuonyesha mwelekeo wa nguvu. Kando ya kila ukuta fundi anaacha uwazi wa milimita 19 au 20 hivi, unaofunikwa na ubao wa pembeni, ili sakafu ipate pa kupumulia. Sakafu iliyoanzishwa ukuta wa kushoto imefungwa upande huo, na mwendo wake mwingi unasukumwa kulia. Milimita 33 haziingii kwenye uwazi wa milimita 20. Lakini mkiianzisha katikati ya ukumbi, mwendo unagawanyika: milimita 17 kushoto, milimita 17 kulia, na kila upande una nafasi ya kutosha. Miongozo ya mafundi wa Marekani inashauri kuanzia katikati chumba kinapofika upana wa futi 20, yaani mita 6 hivi. Kumbi zote tatu tulizo nazo mezani zinazidi hapo.

Na ukianzia katikati, lazima safu moja iwe na ulimi unaotazama kushoto na upande wake wa pili utazame kulia. Mbao hazitoki kiwandani zikiwa na ulimi pande zote mbili. Mgongo huo wa katikati ndio ulimi wa kuchomeka, mita 18 kati ya zile 35.

Sababu ya pili ni umbo la majengo yetu. Ramani tunayoitumia ina ukumbi, kisha ushoroba unaotoka mwisho wa ukumbi, na vyumba viwili ubavuni mwa ushoroba: kimoja cha maktaba, kingine cha chekechea. Mbao zinalala kwa urefu wa ukumbi na kuendelea moja kwa moja ndani ya ushoroba, na mgongo wa katikati unaendelea nao kwa mita 6. Tumekuwa na mjadala mrefu na fundi kuhusu milango ya vyumba hivyo. Mbao zinapita mlangoni sambamba na ukuta, vipande vifupi vya upana wa mlango, mpaka zinaingia chumbani. Ndani ya chumba safu ya kwanza ndefu inajitokeza kulia na kushoto mwa mlango, na ulimi wake unatazama mbele, ukuta wa mbali. Mara nyingi nyuma ya safu hiyo, kati yake na ukuta wenye mlango, panabaki ukanda mwembamba ambao haujafunikwa. Fundi amekwenda mbele. Sasa anatakiwa arudi nyuma, na nyuma kuna mfereji. Hapo anachomeka tena, akajaza ukanda ule. Kila chumba kinakula mita 4 hivi za ulimi. Kumi na nane, na sita, na nane: thelathini na mbili. Zilizobaki ni za kufidia zitakazopasuka na vipande vitakavyokatwa.

Ipo pia hali ambayo mbao za sehemu moja zinakutana na nyingine zilizolazwa kwa kukingama, kwa mfano kuzunguka jukwaa. Vichwa vya mbao za ukumbi vinagota kwenye ubavu wa ubao wa jukwaa, na ukikutana mfereji na mfereji, ulimi huo huo unachomekwa. Katika ramani zetu hilo halipo, kwa hiyo hatutalizungumzia zaidi.

Mliouliza habari ya gharama mmegundua kwamba ulimi huu hauna haja ya kununuliwa ng'ambo. Marekani unauzwa dukani ukiwa tayari. Kwetu unatengenezwa na mashine ile ile inayopasua mbao za sakafu, kutokana na mabaki. Ila si kila mabaki yanafaa, na hapa tunaomba kamati ziwe na jicho kali. Ufito uwe umenyooka, usiwe na fundo, na nyuzi zake ziende kwa urefu wake. Unene wake unaamuliwa na mfereji. Kwa mbao ya milimita 19, mfereji mara nyingi huwa kama milimita 6, lakini mashine hazifanani, na meno yaliyonolewa mara nyingi hukata mfereji mwembamba kidogo. Fundi achukue ubao wa shehena yenyewe, ajaribu ufito kwa mkono mkavu bila gundi. Ukiingia kwa kusukumwa na vidole na usianguke ubao unapogeuzwa chini, unafaa. Ukihitaji nyundo, utapasua mdomo wa mfereji, na ukilegea, mbao zitalia kila mtu anapopita. Upana wake uwe mara mbili ya kina cha mfereji, ukipunguza kama milimita 1, ili mbao mbili zikutane uso kwa uso bila ufito kuzizuia. Wengine hukata plaiwudi ya milimita 6. Inafaa, nayo haipasuki upesi, lakini ipimeni kabla ya kulipa, kwa sababu plaiwudi inayouzwa kwa jina la 6 mara nyingi haifiki 6.

Msaji una mafuta. Ndiyo yanayouwezesha kukaa nje miaka mingi, na ndiyo yanayoifanya gundi iteleze. Fundi apanguse ufito na mfereji kwa spiriti au asetoni, aache ikauke, halafu apake gundi nyeupe ya mbao mara moja, kabla mafuta hayajapanda tena. Kuna anayetengeneza ufito kwa mbao isiyo na mafuta ili kurahisisha kazi, na hatuna kinyongo naye, maana ufito hauonekani.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Fundi anapima katikati ya ukumbi kwenye ncha zote mbili, si kwa kuamini kuta, kwa kuwa kuta zetu nyingi hazikunyooka. Anapiga mstari wa chaki kwa uzi kutoka ncha hadi ncha, ukiingia mpaka mwisho wa ushoroba. Kando ya mstari anafunga kwa skurubu mbao za muda zilizonyooka, ziwe ukuta wa kuegemea. Safu ya kwanza inagota hapo kwa upande wa mfereji, ulimi ukitazama nje. Anapigilia safu tatu nne hivi upande huo ili mwanzo ushikamane na usisogee atakapoanza kugonga kutoka upande wa pili. Kisha anafungua zile mbao za muda. Mfereji wa safu ya kwanza unabaki wazi, urefu wote. Anausafisha vumbi, anaweka gundi, anachomeka ufito, na kuupigilia msumari kwa kuinamisha vile vile kama unavyopigiliwa ulimi wa kawaida. Misumari hiyo inashika pia ubavu wa safu ya kwanza ambao hadi hapo haukuwa umeshikwa na chochote. Ndipo analeta ubao wa upande wa pili, mfereji wake ukimeza ufito, bila gundi.

Tumesema bila gundi, na fundi mmoja alitubishia. Alitaka apake pande zote mbili ili “ishike kweli kweli.” Msimamo wetu ni kwamba gundi inamfunga ufito kwa ubao wa kwanza asitoke, upande wa pili aachwe huru kama ulimi mwingine wowote, ili pale katikati pasiwe na ubao mmoja wenye upana wa mbao mbili ambao unasinyaa kwa pamoja na kufungua ufa mahali pengine. Na maungio ya fito yasiangukie sawa na maungio ya vichwa vya mbao. Ufito upite mbele ya kichwa cha ubao kwa sentimita kadhaa. Hili ni dogo, lakini kazini ndilo linalosahauliwa, kwa sababu fito na mbao mara nyingi zimekatwa kwa urefu unaofanana.

Sasa tuzungumzie njia nyingine ambazo kamati zimependekezewa, maana hamkuufuta mstari ule bila kuwa na mbadala mkononi.

Mbadala wa kwanza ni kupigilia usoni. Fundi anageuka, anaweka ubao wake mfereji kwa mfereji au hata ubavu uliorandwa, na kupiga misumari kutoka juu. Ni rahisi na ni haraka. Tuliiona kazi ya namna hiyo katika ukumbi mmoja nje ya eneo letu, ambao hatutautaja. Walianza ukuta mmoja, wakafika ukuta wa pili wakiwa wamebanana bila uwazi, na kwenye vyumba vya pembeni wakapigilia usoni. Masika ya kwanza katikati ya ukumbi palinyanyuka tuta ambalo mtu mzima angeweza kujikwaa. Kiangazi tuta lilishuka, mbao zikaachana, na vichwa vya misumari vya vyumbani vikachomoza. Chumba kimoja kilikuwa cha watoto wadogo, na watoto wadogo wanavua viatu. Usharika ule ulilazimika kung'oa karibu nusu ya sakafu. Ubao wa ulimi na mfereji ukishang'olewa, ulimi wake mara nyingi umevunjika, na hauwezi kurudishwa ulivyokuwa. Walilipia mbao mara mbili na ufundi mara tatu, maana kung'oa nako ni kazi. Mbao zilizotolewa zilitengenezwa benchi, na ni benchi nzuri, lakini hakuna aliyechangia benchi.

Mbadala wa pili ni kumwambia fundi akate ulimi mpya kwenye ubao kwa mashine. Inawezekana pale penye ruta na mtu anayeijua. Ataondoa mfereji, aache ulimi, na ubao utapungua upana. Kwa mita mbili tatu sawa. Kwa mgongo wa mita 24 unaotakiwa kunyooka kama uzi, hatuoni faida. Kosa dogo la mkono litaonekana urefu wote wa ukumbi, na linarudiwa na kila safu inayofuata kushoto na kulia.

Mbadala wa tatu ni kizingiti, yaani ubao mpana unaowekwa mlangoni kutenganisha sakafu mbili. Huu tunauheshimu. Kama chumba cha maktaba kitajengwa mwaka mwingine, au kama upande wa pili kuna vigae, wekeni kizingiti na kila chumba kianze upya na mwelekeo wake. Vyumba viwili vya pembeni vikifanywa hivyo mnaokoa mita 8 za ulimi. Ila mpate kujua mnachokipoteza: kizingiti kinachotokeza ni kikwazo kwa mzee mwenye fimbo na kwa kiti cha magurudumu, na mmoja wa wafadhili wetu alichangia ukumbi huu kwa sharti kwamba watu wenye ulemavu waingie kila chumba bila kubebwa. Kizingiti kilicholala sawa na sakafu kinawezekana, nacho, mtacheka, kinaunganishwa kwa ulimi wa kuchomeka.

Mgongo wa katikati hauna mbadala wa kizingiti. Hakuna atakayekubali ubao wa mpaka katikati ya ukumbi.

Kuhusu mbao zenyewe tutapita haraka, kwa kuwa mlishakubaliana kutumia msaji wa kupandwa. Mti huu uliletwa nchini wakati wa Wajerumani, mwaka 1898, na leo kuna mashamba ya Serikali ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro, pamoja na mashamba ya kampuni katika bonde la Kilombero yaliyoanzishwa mwaka 1992. Kuchagua wa kupandwa badala ya mninga au mvule wa msitu wa asili lilikuwa ni azimio jema. Mbao zifike na kibali cha kusafirisha na risiti. Kamati isipokee shehena ya usiku.

Ziwe zimekauka, na zikae ndani ya ukumbi wenyewe, madirisha na milango ikiwa imeshafungwa na plasta imekauka, zikipangwa kwa papi katikati ili hewa ipite. Mbao iliyokaushwa Dodoma ikipelekwa Tanga haijafika nyumbani. Ipeni wiki kadhaa izoee hewa ya pale. Juu ya zege mpya msilaze kitu mpaka zege limekauka, na kati ya zege na mbao pawe na nailoni nzito. Hayo yote yasipotimizwa, ulimi wa kuchomeka hauwezi kuwasaidia. Tunalisema hili wazi kwa kuwa tumeona watu wakilaumu maungio wakati tatizo lilikuwa maji ya chini.

Turudi kwenye karatasi yenye kalamu nyekundu. Kamati ile ilifuta mstari huo ili fedha ziongezwe kwenye vanishi, wapate mkono wa tatu badala ya miwili. Tunaelewa. Vanishi inaonekana siku ya uzinduzi, na ulimi wa kuchomeka hautaonekana na mtu yeyote tena. Ila mkono wa tatu unaweza kupakwa mwaka ujao au mwaka wa tatu, kwa mchango wa vijana na brashi mbili. Mgongo wa katikati unawekwa asubuhi moja, kabla ya safu ya tano, na baada ya hapo hakuna wa kuurudia bila kung'oa. Kwa sababu hiyo ofisi ya miradi imeurudisha mstari huo katika makadirio ya kumbi zote tatu, na imeomba mkono wa tatu wa vanishi uhamishiwe mwaka unaofuata. Kamati ina haki ya kukataa. Tunaomba ikikataa iandike sababu.

Na kwa kuwa kazi hii inafichika, utaratibu wa malipo umebadilishwa kidogo. Awamu ya pili ya fundi haitalipwa kwa kuhesabu mita za mraba peke yake. Siku ya kuchomeka mgongo, wajumbe wawili wa kamati wawepo, mmoja wao akiwa ni mtu anayejua kushika randa. Waone mstari wa chaki, wajaribu ufito mkavu, wapime uwazi kando ya kuta zote nne, wapige picha kabla ubao wa upande wa pili haujafunika, na waweke saini. Picha hizo zitatumwa kwa wafadhili pamoja na taarifa ya robo mwaka. Fundi ameafiki, na amesema yeye mwenyewe angependa mashahidi, kwani huko nyuma aliwahi kudaiwa kwa kazi ya mwenzake.

Wanafunzi wanane wa useremala kutoka kituo chetu cha ufundi watakuwa pale siku tatu za mwanzo. Watatengeneza mita zote 35 za fito kutokana na mabaki, chini ya mwalimu wao, na hilo ndilo limepunguza bei mnayoiona kwenye makadirio mapya. Wajumbe ambao ramani zao zina milango ya ziada, au jukwaa, tunaomba walete michoro ofisini kabla mashine haijaanza kupasua, kwa sababu idadi ya mita inategemea milango, na mashine ikishafungwa upya kwa kazi nyingine, kuirudisha kwa ajili ya mita nne ni gharama. Vile vipande viwili vya msaji, tafadhali virudi hapa mbele. Tunaona kimoja bado kiko meza ya nyuma.